Hoteli ya Bernardine, Wivu wa Léocadie

Wewe uliyekosa gazeti la wiki iliyopita, usihangaike. Nitakukumbusha upesi, maana mwenye hadithi hana subira, na mimi pia sina.

Mwenye hadithi ni Léocadie, mke wa Evariste, wa hapa Mulongwe, mtaa wa Uvira. Anakuja kwangu, anakaa, anamwaga yote. Nilipomshauri tupunguze yale yanayomwaibisha alinikatalia kabisa. Alisema niandike wivu wake wote, watu wamjue. Haya, ninaandika.

Mwaka wa 1996, vita ilipofika Lemera, Léocadie alikimbia na kichanga chake Firmin mgongoni. Binti yake wa kwanza, Dorine, wa miaka mitatu, alibebwa na wifi yake Bernardine, dada ya Evariste. Huku chini kwenye bonde la Ruzizi risasi zililia, watu wakatawanyika. Bernardine alifika Uvira peke yake, kitambaa cha mgongoni kitupu. Alisema alimweka mtoto ndani ya mahindi akamchotee maji, na aliporudi hakumkuta.

Miaka ikapita. Mama mkwe akaamua kilio kifanywe, watu waache kungoja. Wakalia, wakanyoa, wakala, wakamaliza. Na katika ukoo ule, kilio kikishafungwa, mama haitwi tena kwa jina la mtoto aliyeliliwa. Ni kumtonesha kidonda. Mama Dorine akawa Mama Firmin, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kulirudisha jina la kwanza.

Kisha, mwaka wa 2002, wazungu fulani wa kanisa wakatafuta mama mmoja wa huku kwetu aliyepotelewa na mtoto vitani, aende Ulaya kwenye mkutano akaseme. Wamama wa parokia wakamtaka Léocadie. Akakataa. Alisema kilio chake kimefungwa, hawezi kukifungua ili wazungu wapate kutikisa vichwa. Bernardine, ambaye hakujaliwa mtoto na mume alimrudisha nyumbani kwa sababu hiyo, akanyoosha mkono. Akaenda yeye.

Tulimwacha pale Kavimvira, mpakani na Burundi, anashuka kwenye taksi iliyotoka Bujumbura, anaburuta sanduku lenye magurudumu, na Léocadie amesimama upande wa pili wa barieri anamwangalia. Haya sasa, sikiliza.

Kitu cha kwanza Léocadie alichokiona si uso wa wifi yake. Ni miguu. Bernardine alikuwa amevaa ndara nyeupe za kitambaa laini, zenye jina la hoteli limeshonwa juu kwa uzi wa dhahabu. Vumbi lote lile la Kavimvira, na yeye na ndara nyeupe.

Akajisemea moyoni kwamba huyu ametoka kutembea, hakutoka kulia.

Nyumbani watu walijaa. Evariste alichinja kuku wake wa mwisho, mwanaume ambaye mkewe alipojifungua alimletea visamaki vya ndagala. Wakamkalisha dada mtu katikati, wakamwambia aseme, na Bernardine akasema mpaka ugali ukapoa.

Alisema kiti chake kwenye ndege kilikuwa cha nyuma kabisa, karibu na choo. Lakini ndege ilijaa, msichana wa ndege akaja akamwita, akampeleka mbele, kule kwa wakubwa, wanakokuita bizinesi klasi. Kiti cha huko ukikibonyeza kinalala chali, kinakuwa kitanda. Wakamletea kitu cheupe kimeviringwa, kinatoa moshi, juu ya sahani. Yeye akadhani ni chikwange, mkate wa muhogo, akakiuma. Kumbe kitaulo cha moto cha kufutia mikono.

Watu walicheka wakashika mbavu. Hata mama mkwe, ambaye meno yake tangu vita hakuna aliyeyaona, alicheka.

Léocadie hakucheka. Alikuwa anakuna sufuria nje, na masikio yake yote yako ndani.

Bernardine akaendelea. Wakati wa kurudi, ndege hazikutua Bujumbura kwa sababu ya mapigano kwenye milima ya juu ya mji. Basi abiria wa huku wakawekwa kwenye hoteli iliyo palepale uwanjani, siku kadhaa, bila kutoa hata faranga. Chumba chake peke yake. Kitanda ambacho wangelala watu watano na wasigusane. Dirishani unaona ndege zinaruka, kubwa, karibu kabisa, lakini husikii hata mlio. Bomba la maji ya moto halikauki. Na asubuhi chakula kimepangwa kwenye meza ndefu, unachukua unachotaka, unarudi tena, hakuna anayekuangalia vibaya.

“Minye nilikula mayai kila siku,” alisema Bernardine. “Kila siku.”

Nitakwambia kitu, msomaji. Wivu haumshiki mtu kwa jambo kubwa. Léocadie angeweza kuvumilia ndege, maana ndege hakuijua. Mayai ndiyo yaliyomshinda. Aliyajua mayai. Alijua Firmin ameyala lini mara ya mwisho.

Na katikati ya mayai yale kulikuwa na kitu kingine alichokijua zaidi. Bernardine alikula kwa sababu ya nani? Kwa sababu ya Dorine. Mtoto aliyepotea mgongoni mwake mwenyewe. Angembeba akafika naye, asingekuwa na cha kuwaambia wazungu, na hoteli angeisikia kwa watu.

Wageni walipotoka, Bernardine alimfuata jikoni akampa zawadi. Kisabuni kidogo cha hoteli, kimefungwa kwenye karatasi. Léocadie akapokea, akashukuru. Kisha, mwenzake alipogeuka, akamwita Firmin na kumwoshea miguu kwa kile kisabuni, miguu tu, mpaka kikaisha chote.

Hapo bado. Mambo yaliharibika vizuri siku ya redio.

Ilikuwa Jumapili baada ya misa. Evariste aliweka redio dirishani na sauti juu, majirani wasikie, kwa sababu redio ya hapa mjini ilikuwa imepata maneno yaliyosemwa kule Ulaya na ilitangaza itayapitisha. Watu wakasogea. Mtangazaji akasema, tumsikilize mama mmoja wa Uvira. Sauti ya Bernardine ikatoka, nyembamba, inatetemeka.

“Minye niko Mama Dorine,” ilisema.

Léocadie alikuwa anapepeta mchele. Mikono ikasimama.

Sauti ikaendelea kueleza. Ilisema mutoto wangu nilimuzaa Lemera. Mutoto wangu iko na alama ya kuungua kwenye bega la kushoto, nilimumwangia mafuta ya mawese iliyokuwa jikoni, alilia siku mbili na minye nililia naye. Mutoto wangu akiwa na usingizi anashika sikio langu. Sijamuzika. Ninamutafuta.

Kila neno lilikuwa la kweli, na hakuna hata moja lililokuwa la Bernardine. Mafuta yalimwagwa na Léocadie. Sikio lilikuwa la Léocadie.

Na majirani, Mungu awasamehe, walikuwa wanafuta machozi na kumpigapiga Bernardine mgongoni, wanampa pole. Hakuna aliyemwangalia Mama Firmin. Kwao Mama Firmin alikuwa na mtoto mmoja, yule anayecheza na tairi uani.

Léocadie aliinuka, akazima redio, akamwambia mbele ya watu wote maneno ambayo mpaka leo akiyakumbuka anainamisha kichwa.

“Asiye na mwana aeleke jiwe. Asieleke jina la mutoto wa mwenzake.”

Kumwambia tasa methali ile usoni ni kumtemea mate.

Bernardine hakujibu kwa hasira. Alisema polepole, “Ungeenda weye. Walikuomba, ukakataa. Wazungu walitaka mama. Ningesema minye niko shangazi, nani angesikia?” Kisha akamkaribia, akashusha sauti, akamwambia kuna jambo, bado hana hakika nalo, ampe muda kidogo atamwambia.

Léocadie alimjibu kwamba jambo lenyewe analijua, ni hoteli nyingine. Akaingia ndani akafunga mlango.

Hapo, msomaji, ningemshika mkono. Ningemwambia ngoja, mwenzako anakwambia kuna jambo, sikiliza basi. Lakini mwenye wivu akiambiwa ngoja, anasikia anafichwa.

Kuanzia siku ile akawa hana kazi nyingine ila kumchunguza wifi yake. Akagundua kwamba Bernardine anaenda Kavimvira mara kwa mara, anavuka barieri, anarudi jioni. Akauliza kwa wanaovunja pesa za kigeni pale mpakani. Wakamwambia anakutana na masera mmoja, mtawa wa upande wa Burundi anayekuja kwa gari, wanaongea muda mrefu ndani ya gari na vioo vimepandishwa.

Majirani nao wakaongeza chumvi. Wakasema Bernardine anarudi Ulaya, safari hii moja kwa moja, amepata watu wa kumweka. Mmoja alisema ameshaahidiwa chumba kwenye hoteli ileile. Sijui hoteli gani ya uwanja wa ndege inayopangisha wakimbizi, lakini Mulongwe nzima iliamini.

Kisha siku moja Bernardine akaja jikoni, akakaa kwenye kigoda, akazungukazunguka kwa maneno, halafu akauliza mtoto wa kike wa miaka tisa huvaa viatu vya ukubwa gani.

Miaka tisa. Dorine angekuwa na miaka tisa.

Léocadie alielewa kwa namna yake. Akaona wifi yake sasa anafanya mchezo wa mama mpaka mwisho, ananunua viatu vya mtoto marehemu ili awapelekee wazungu wavione, walie tena, wampandishe tena ndege ya kulala chali. Alimfukuza jikoni na mwiko mkononi.

Siku chache baadaye, asubuhi mapema, Evariste alipanda Lemera kuangalia shamba la mihogo. Léocadie alivaa kitenge chake, pagne ya misa, akaenda kwa Komanda Sévère.

Sévère alikuwa mkubwa wa usalama wa wale waliokuwa wameushika mji wakati ule. Watu walipita mbali na ofisi yake hata wakiwa hawana kosa. Uvira ya mwaka ule, neno “ng’ambo”, yaani upande wa Burundi, lilitosha kumpoteza mtu. Léocadie alijua hivyo. Ameniambia alijua, na angekana nisingemwamini.

Alimwambia Sévère kwamba wifi yake Bernardine anavuka kila mara, anakutana na watu wa ng’ambo ndani ya gari lililofungwa, anawapelekea habari. Alitaka kitu kimoja tu. Wamnyang’anye karatasi yake ya kusafiria. Akae Mulongwe ale ndagala kama wenzake.

Sévère alimshukuru sana. Mtu kama yule akikushukuru, jiulize.

Walimchukua Bernardine palepale nyumbani, asubuhi ileile, ametoka kuoga. Hawakuulizia karatasi. Walimfunga mikono kwa kamba ya nailoni. Mama mkwe alijitupa chini, akashika mguu wa askari, akasukumwa. Bernardine alipopita mbele ya Léocadie alimwambia neno moja tu, amtume mtu Kavimvira. Askari akamsukuma, hakumaliza.

Léocadie alisimama mlangoni. Sitamsafisha. Kitu cha kwanza alichokisikia moyoni kilikuwa raha. Raha ile ilikaa kama muda wa kunywa maji tu.

Jua lilikuwa limepanda sana alipofika mwanaume mmoja na baiskeli, anatoka jasho, anaongea Kiswahili cha Kirundi. Alijitambulisha kuwa Niyonzima, dereva wa Masera Anne. Akauliza nyumba ya Mama Dorine.

“Mama Dorine gani?” aliuliza Léocadie.

Niyonzima akasema, yule aliyekwama na Masera hotelini Ulaya. Bernardine. Masera iko barieri ya Kavimvira tangu asubuhi, anamungojea na mutoto. Barieri inafungwa saa kumi, na kesho Masera anahamishwa kwenda mbali, hatarudi upande huu.

Léocadie alikaa chini kwenye vumbi. Akamwomba aeleze tangu mwanzo.

Niyonzima akaeleza. Masera Anne alikuwa kwenye ndege ileile iliyokwama. Wakiwa pale hotelini na Bernardine, meza moja, Bernardine alikuwa hawezi kula, analia juu ya sahani, watu wa hoteli wanamwondolea mayai yamepoa. Masera akamuuliza kulikoni. Akamwambia habari ya mtoto na alama ya bega. Masera akashtuka, kwa sababu katika parokia yake, kule ng’ambo ya Ruzizi, bibi mmoja mkulima aitwaye Niyonsaba aliokota mtoto wa kike mwaka wa vita, akamlea, na mtoto ana kovu begani. Waliporudi wakaanza kufuatilia taratibu, wasimpe mtu matumaini ya bure. Sasa bibi amefariki, na Masera amehakikisha kwamba mtoto ni Dorine.

Msomaji, hapa Léocadie aliniambia, “Aliponiambia alikula mayai kila siku, alinidanganya. Alitaka tucheke.”

Hakuaga mtu. Alipanda nyuma ya baiskeli ya Niyonzima, wakaenda.

Gari la Masera lilikuwa chini ya kivuli cha ukuta wa duane, ofisi ya ushuru, upande wetu. Askari wa mpaka walimruhusu Masera kuvuka hatua chache tu. Masera Anne alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani. Pembeni yake alisimama msichana mrefu, mwembamba, amesukwa nywele, amevaa gauni la buluu.

Léocadie hakuhitaji kuonyeshwa kovu. Paji la uso lilikuwa la Evariste. Namna ya kukaza midomo ilikuwa ya mama mkwe.

Alitaka kukimbia amkumbatie. Masera akanyoosha mkono akamzuia, kwa upole, akamuuliza yeye ni nani.

“Minye niko mama yake.”

Masera akamtazama kwa uchungu, kama mtu aliyeshaona mengi. Akasema mama yake anamjua, walikaa meza moja siku zote zile, alimwona akilia. Akauliza Bernardine yuko wapi.

Léocadie akasema Bernardine ni wifi yake, shangazi wa mtoto, alisema uongo kule Ulaya. Akaeleza kovu, bega la kushoto, mafuta ya mawese. Akaeleza sikio.

“Mama,” alisema Masera, “hayo yote yalitangazwa kwenye redio. Uvira nzima inayajua. Wiki hii nimeshaletewa wanawake wawili waliosema hivyohivyo.”

Na kama vile shetani alikuwa anangoja zamu yake, mvunja pesa mmoja, Marcellin, anayemjua Léocadie tangu zamani, akapita na begi lake akamsalimia kwa sauti. “Mama Firmin, unafanya nini huku? Evariste iko fasi gani?”

Masera akageuka. Akauliza, kama wewe ni mama wa Dorine, kwa nini watu wanakuita Mama Firmin.

Ungejibu nini? Ungesema kwamba tulimlilia tukamfunga, na jina tukalifunga naye? Ungesema hivyo mbele ya mtoto mwenyewe, aliyesimama pale mzima, anakutazama?

Marcellin akaulizwa. Akasema alilohisi ni la heshima, kwamba huyu mama ana mtoto mmoja, wa kiume. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anafuata adabu ya watu wake.

Masera akainama akamuuliza msichana kwa Kirundi kama anamjua mama huyu. Msichana akamwangalia Léocadie kuanzia miguuni. Bernardine alikuwa amekwenda kumwona mara nyingi, kila alipovuka mpaka. Alikuwa amemletea viatu, amemsuka zile nywele. Msichana akatikisa kichwa, akasema siye huyu, kisha akarudi nyuma ya Masera akashika kanzu yake.

Ameniambia risasi za 1996 hazikumpata, hiyo ndiyo iliyompata.

Wivu wake wa ndege, wa ndara, wa mayai, wote ulikuwa mchezo wa watoto. Sasa ndipo alipojua wivu ni nini. Wifi yake alikuwa ameshika kichwa kile, amekigawa kwa kitana, mstari kwa mstari, na mtoto akatulia.

Masera akasema maneno ya mwisho bila ukali. Atangoja mpaka barieri inafungwa. Akija Bernardine, atampa mtoto mkononi. Asipokuja, atarudi na mtoto, amtafutie nyumba kwingine, hukohuko anakohamishwa. Hawezi kumwachia mtu asiyemjua, si katika miaka hii, watoto wanauzwa.

Na Bernardine alikuwa wapi? Wewe unajua. Na aliyemweka huko unamjua.

Léocadie alikimbia. Kutoka Kavimvira mpaka kwa Sévère si karibu. Aliacha kiatu kimoja njiani na pagne ya misa ikachanika. Alipofika alipiga magoti mbele ya meza, akasema alidanganya, wifi yake hana kosa, ilikuwa wivu, wivu tu wa mwanamke.

Sévère alikuwa anakula hindi la kuchoma. Alitafuna mpaka akamaliza.

“Asubuhi ulisema kweli, sasa unasema uongo? Ao asubuhi ulisema uongo?” aliuliza.

Léocadie akasema asubuhi ndiyo uongo.

Sévère akamweleza sheria yake, na aliieleza kwa utulivu kama anayeeleza njia ya sokoni. Kazi yake haitaki kasho, yaani mahabusu, iwe tupu, wakubwa wakija watauliza yule mtu mliyemshika yuko wapi. Aliyemsingizia mwenzake kwa usalama analala pale alipomlaza mwenzake. Bernardine anaweza kutoka sasa hivi. Mlango ukifunguliwa, mmoja anatoka, mmoja anaingia.

Léocadie akaomba aende kwanza Kavimvira na Bernardine, wote wawili, kisha arudi mwenyewe kwa miguu yake. Sévère akacheka, akatazama saa ya ukutani, akamwambia anaona ana haraka.

Nje jua lilikuwa limeanza kulalia upande wa milima. Angebaki nje, Bernardine angebaki ndani, na gari la Masera lingevuka daraja na Dorine asirudi tena. Angeingia ndani, mtoto angeletwa Uvira, lakini mkononi mwa Bernardine, akimwita Bernardine mama, na yeye asiwepo.

“Fungueni,” alisema Léocadie.

Bernardine alitoka akiwa amevimba shavu moja, hana viatu. Mwanzoni hakuelewa. Léocadie alimshika mabega, akamwambia upesi kwamba Masera yuko barieri na mtoto, barieri inafungwa, akimbie. Akamwambia pia ni nani aliyemfungisha. Hakulificha. Bernardine alimtazama, akapeleka mkono mdomoni.

Askari alimvuta Léocadie ndani. Palinuka mkojo, sakafu ilikuwa na maji. Akageuka, akashika mlango kabla haujagonga, vidole vikabaki kwenye ufa.

“Bernardine. Atakuuliza mama yake ni nani. Utamujibu nini?”

Alimwona kupitia ufa ule. Bernardine alikuwa ameshageuka kuondoka, akasimama. Alikaa hivyo, mgongo tu, kichwa kimeinama, kama mtu anayepima uzito wa kitu kabla ya kukibeba. Léocadie alingoja. Alingoja neno moja tu.

Askari akampiga vidole, mlango ukafungwa, na kilichofika mle ndani ni mlio wa miguu mitupu ya Bernardine inayokimbia kwenye barabara ya Kavimvira.